Pacha Wawili Walioachwa Bustanini

CHAMA CHA WATEMBEZI WA GATONGORA, RUIRU

Kumbukumbu za kikao maalumu cha kamati kilichofanyika Jumapili, tarehe 15 Desemba 2024, sebuleni kwa Bi. Mukonyo, Gatongora, kuanzia saa nane na robo mchana.

WALIOHUDHURIA
1. Bi. Mukonyo – Mwenyekiti
2. Bw. Kiama – Mratibu wa Safari
3. Mzee Gachanja – Mjumbe
4. Bi. Saida (Mama Rayan) – Mjumbe
5. Bw. Odhiambo – Mjumbe na dereva wa basi
6. Bi. Carolyne – Mjumbe
7. Tabby Wangeci – Katibu

ALIYEKOSA KWA UDHURU
Bw. Salim – alikuwa kwenye harusi ya binamu yake Thika.

AJENDA
1. Kufungua kikao
2. Kumbukumbu za kikao kilichopita
3. Taarifa ya safari ya tarehe 7 Desemba
4. Kuachwa kwa watembezi wawili
5. Hoja ya Bw. Kiama ya kumwondoa Katibu
6. Mengineyo
7. Kufunga kikao

KUMB. NA. 1/12/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe. Bi. Carolyne aliongoza maombi na Bi. Saida akaongeza dua, kama ilivyo desturi ya chama.

Kabla ya kuendelea, Bw. Odhiambo aliomba iandikwe kwamba Mzee Gachanja na Bi. Saida walikuwa wameketi kwenye kochi moja. Wawili hao ni majirani wa ukuta kwa ukuta na walikuwa hawasalimiani tangu Aprili mwaka jana, kwa sababu ya mti wa avokado wa Mzee Gachanja ambao tawi lake limelalia paa la Bi. Saida. Bw. Odhiambo alimwambia Mzee Gachanja, ambaye wengi humwita Guka, yaani babu, "Guka, leo kochi moja na Mama Rayan? Niite mpiga picha?" Mzee Gachanja alijibu kwamba kiti ni kiti. Bi. Saida alijibu kwamba kochi ni la Mwenyekiti na Odhiambo aangalie basi lake. Mwenyekiti aliomba utulivu.

KUMB. NA. 2/12/2024: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu za tarehe 24 Novemba zilisomwa. Katika kikao hicho Tabby Wangeci alichaguliwa kuwa Katibu baada ya aliyekuwa Katibu, Maggie, kuolewa na kuhamia Nakuru. Bw. Kiama alitaka iongezwe kwamba siku hiyo alisema, "Msichana ana mwandiko mzuri lakini hasikiki." Wajumbe walikumbuka kwamba alisema hivyo. Maneno hayo yaliongezwa na kumbukumbu zikathibitishwa.

KUMB. NA. 3/12/2024: TAARIFA YA SAFARI

Bw. Kiama alipendekeza ajenda hii irukwe ili wajumbe waingie moja kwa moja kwenye kosa lililotokea. Mwenyekiti alikataa. Alisema, "Kiama, tulienda kuona maji. Tuanze na maji."

Katibu alisoma taarifa ifuatayo.

Watembezi kumi na wanane waliondoka Gatongora saa moja na nusu asubuhi katika basi la Bw. Odhiambo. Kabla ya kupanda, simu zote ziliwekwa ndani ya kikapu cha Katibu, kwa kuwa kanuni ya kikapu inasema maporomoko huonwa kwa macho. Kisha majina yakachanganywa ndani ya kofia ya Bw. Odhiambo na kila mtu akapata pacha wake. Pacha ni mwenzako wa siku hiyo. Mnashikana mikono kwenye mawe yenye utelezi, mnakula pamoja na mnarudi pamoja. Mzee Gachanja alimpata Bi. Saida. Kila mmoja wao alikuja kwa Mwenyekiti kwa wakati wake kuomba abadilishiwe. Maombi yote mawili yalikataliwa, kwa sababu karatasi ikishatoka kofiani hairudi.

Walipofika Fourteen Falls, sauti ya maji ilisikika kabla ya maji kuonekana. Mvua za vuli zilikuwa zimejaza mto Athi, na maji yalikuwa mekundu juu na meupe chini. Watembezi walijaribu kuhesabu maporomoko. Bw. Odhiambo alipata kumi na mawili. Mzee Gachanja alipata kumi na saba. Mwenyekiti alisema ni kumi na manne, maana ndivyo yanavyoitwa, na watu waache ubishi. Mvuke wa maji uliwalowesha wote nyuso, hata waliosimama mbali. Bi. Carolyne alipiga kelele za furaha mpaka vijana wa mashua wakadhani kuna mtu ameanguka. Upinde wa mvua ulionekana mara mbili, na mara ya pili ulianzia karibu sana na miguu ya Bw. Salim hata akasogea kuupisha.

Kwenye mawe, Mzee Gachanja na Bi. Saida walishikana kwa kutumia mwavuli, Mzee upande wa mpini na Bi. Saida upande wa ncha.

Saa saba chama kilifika kwenye bustani ya mimea iliyo upande wa chini wa Kilimambogo. Mtunza bustani, Bw. Kyengo, aliwaonyesha mianzi iliyo mirefu kuliko mlingoti wa stima, maua yanayoota juu ya matawi ya miti mingine bila udongo, na kidimbwi ambacho majani yake ni mapana kama sinia. Kisha akawafanyia mchezo. Kila mtu alifumba macho, akapewa jani lililopondwa, akanusa na kutaja jina lake. Bi. Saida alipata yote saba, pamoja na mdalasini na mrehani, bila kusita. Mzee Gachanja alisema "mchaichai" mara saba na akapata moja.

Katibu aliandika majina ya miti arobaini na mitatu katika daftari. Mwisho wa taarifa.

Wajumbe walipiga makofi. Bi. Carolyne alisema alikuwa amesahau habari ya Salim na upinde, na kwamba alicheka upya. Mwenyekiti alisema taarifa imekuwa kama kwenda tena. Bw. Kiama alisema taarifa ni nzuri lakini haijataja jambo lililowaleta hapa.

KUMB. NA. 4/12/2024: KUACHWA KWA WATEMBEZI WAWILI

Ilithibitishwa kwamba saa kumi na nusu jioni basi liliondoka bustanini likiwa na watembezi kumi na sita badala ya kumi na wanane.

Kanuni ya saba ya chama inasema kwamba kabla ya basi kuondoka, Katibu atasoma majina yote na kila mtu ataitikia. Siku hiyo Katibu alisimama mbele na kuanza kusoma, lakini watembezi walikuwa wakiimba na sauti yake haikufika kiti cha tatu. Bw. Kiama alisimama na kusema kwa sauti, "Jamani, tutasoma mpaka usiku! Kila mtu aangalie pacha wake. Pacha yuko?" Basi zima likajibu, "Yuko!" Bw. Kiama akagonga bati la basi mara mbili na Bw. Odhiambo akaondoa gari.

Mwenyekiti alieleza tatizo la hesabu hiyo. Alisema mtu aliyebaki bustanini hawezi kuulizwa kama pacha wake yuko, na pacha wake hawezi kumsemea ikiwa naye amebaki. Bw. Odhiambo alisema hata Nuhu alihesabu wawili wawili, lakini alisimama mlangoni akaangalia nani ameingia.

Basi lilipofika Witeithie, njiani kurudi nyumbani, saa kumi na moja na dakika ishirini, simu ililia ndani ya kikapu. Katibu aliitoa na kuona ni ya Bi. Saida na kwamba anayepiga ni mwanawe Rayan. Katibu alikwenda kiti kwa kiti kumpelekea. Alipofika kiti cha mwisho alijua. Alimwambia Mwenyekiti, na Mwenyekiti akamwambia Bw. Odhiambo kwa sauti ambayo wajumbe waliomba isiandikwe. Basi liligeuzwa. Wimbo ulikwisha hapo.

Bw. Kiama aliuliza ni nani aliyepokea simu ya Rayan na alimwambia nini. Katibu alisema ni yeye, na kwamba alimwambia ukweli. Rayan aliuliza mama yake ameachwa pamoja na nani. Katibu alimjibu kuwa ameachwa pamoja na Mzee Gachanja. Rayan akasema, "Huyo mzee nani atamsaidia?"

Bi. Saida alicheka sana hapa na kikao kikasimama kwa dakika mbili.

KUMB. NA. 5/12/2024: HOJA YA KUMWONDOA KATIBU

Bw. Kiama alisimama na kutoa hoja yake. Alisema hana ubaya na mtu. Alisema chama kina wazee, kinakwenda penye maji mengi na mawe ya kuteleza, na kwamba Katibu asiyesikika ni kama kengele ya kitambaa, unaivuta na hakuna kinacholia. Alisema Maggie alikuwa akiita jina Ruiru linasikika Juja. Alipendekeza Tabby Wangeci aondolewe na nafasi yake ichukuliwe na mpwa wa Bw. Kiama mwenyewe, Bi. Carolyne, ambaye anauza nguo sokoni na sauti yake inajulikana.

Mwenyekiti alimwomba Katibu atoke nje ili wajumbe wajadili kwa uhuru. Katibu alitoka na kusimama karibu na tangi la maji.

Ilibainika kwamba hakuna wa kuandika. Bi. Carolyne alisema mkono wake ni wa kupima nguo, si wa kalamu. Bw. Kiama alijitolea. Baada ya dakika kumi na mbili Mwenyekiti aliomba kuona alichoandika. Kinanukuliwa hapa kama kilivyo, kwa sababu ndicho pekee kilichohifadhiwa:

"Mwenyekiti amesema. Odhiambo amecheka. Mambo mengi yamesemwa na watu."

Mwenyekiti alimwita Katibu arudi. Alisema, "Njoo mwanangu, kaa, andika. Tutakujadili ukiwepo. Ukisikia jambo la kukuumiza, liandike hivyo hivyo." Katibu aliketi.

Mwenyekiti alimuuliza Katibu kama anataka kuendelea na kazi hii. Katibu alijibu, "Ndiyo." Bw. Kiama alisema hakusikia. Katibu alirudia. Mwenyekiti alimuuliza sababu. Katibu alisema kwamba tangu amalize Kidato cha Nne mwezi uliopita, hiki ndicho kitu cha kwanza alichokabidhiwa na watu ambao si wazazi wake wala walimu wake. Alisema pia kwamba bado hajaandika majina ya miti yote ya bustani ile.

Bi. Carolyne aliomba kusema. Alisema yeye hakuulizwa kama anataka ukatibu, na kwamba amesikia habari hiyo hapa kama wengine. "Anko, unanipa kazi bila kuniambia? Kwani mimi ni kiti cha kubebwa?" Bw. Kiama alisema alitaka kumshangaza. Bi. Carolyne alisema ameshangaa.

Mwenyekiti alimuuliza Katibu kama siku ya safari aliandika chochote wakati wa kuhesabu watu. Katibu alisema aliandika. Alimpa Mwenyekiti daftari. Bw. Kiama alipinga, akisema daftari la miti si kumbukumbu rasmi. Mwenyekiti alisema yeye alikuwa muuguzi miaka thelathini na moja, na kitu kilichoandikwa dakika ile ile jambo linapotokea hakihitaji muhuri. Alivaa miwani na kusoma ukurasa uliofuata mti wa arobaini na tatu:

"Saa 10.26. Nimeanza kusoma majina. Wanaimba.
Saa 10.28. Nimefika namba tisa. Namba kumi, Mzee Gachanja, sijasikia akiitikia.
Saa 10.29. Bw. Kiama ameuliza mapacha. Wote wamesema yuko.
Saa 10.30. Nimesema, 'Bado.' Basi limeondoka. Nimesema mara moja tu."

Mwenyekiti alimrudishia Katibu daftari.

Bw. Odhiambo aliuliza Katibu alimwambia nani "bado." Katibu alisema alimwambia mtu wa kiti cha mbele. Bw. Odhiambo aliuliza kiti cha mbele kulikuwa na nani. Katibu aliendelea kuandika. Bi. Carolyne alisema, "Si ni wewe, Anko. Na ulikuwa unaimba besi."

Bw. Kiama alisema hakusikia. Mwenyekiti alisema anaamini hakusikia.

Katibu aliomba ruhusa ya kusema jambo moja na akaruhusiwa. Alisema Bw. Kiama yuko sahihi kwa sehemu. Yeye mwenyewe alijua kwamba namba kumi hajaitikia, na angeweza kusema "bado" mara ya pili. Alisema aliogopa watu wote wageuke kumtazama, akakaa chini, na tangu siku hiyo amekuwa akifikiria ile mara ya pili ambayo hakusema. Aliomba iandikwe. Imeandikwa.

Mzee Gachanja alisema sasa ni zamu ya walioachwa, maana wanajadiliwa kama mizigo. Mwenyekiti alimpa nafasi.

Mzee Gachanja alieleza kwamba saa kumi na robo alikuwa nyuma ya mianzi na Bi. Saida kwa sababu ya ubishi. Bw. Kyengo alikuwa amewaonyesha kitalu cha miche ya avokado, na Bi. Saida akasema kwa sauti, bila kumtaja mtu, kwamba kuna watu wanaopanda mti na kumwachia jirani mzigo. Mzee Gachanja alisema, naye bila kumtaja mtu, kwamba kuna watu wanaochukia hata chakula kinachotoka mbinguni. Bi. Saida alisema chakula cha mbinguni hakishuki saa tisa usiku juu ya mabati kama mawe. Bw. Kyengo aliwaacha hapo na kwenda kumwagilia maua.

"Tukasikia basi linaondoka," alisema Mzee Gachanja. "Mimi nikafikiri, huyu mama amenichelewesha. Yeye akafikiri, huyu mzee amenichelewesha. Tukakimbia. Mimi nina miaka sabini na nne, sikimbii vizuri. Akanishika mkono. Si mwavuli, mkono."

Bi. Saida aliendelea. Alisema walipofika kwenye uzio wa mbele waliona vumbi tu. Simu zilikuwa kikapuni. Bw. Kyengo hakuwa na namba ya mtu yeyote wa chama, wala wao hawakukumbuka namba ya mtu yeyote, hata ya nyumbani wala zao wenyewe. Wakaketi kwenye benchi chini ya mti mmoja wa maua meupe. Alikuwa na sambusa nne zilizobaki. Walikula mbili mbili. Ndipo Mzee Gachanja akamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu Aprili mwaka jana, ni kitu gani hasa kinachomuudhi.

Bi. Saida aliwaambia wajumbe alichomjibu. Si avokado. Mabati yana kelele, lakini hata mvua ina kelele. Usiku ule wa Aprili avokado ya kwanza ilipoanguka, yeye na Rayan waliruka kitandani wakidhani ni wezi, na walikesha wakiwa wamekaa jikoni. Asubuhi Mzee Gachanja alipita mbele ya mlango wake akielekea kanisani, akaangalia paa, na hakusema pole. "Angesema pole, ningempikia avokado yake mwenyewe na wali."

Mzee Gachanja alisema ni kweli aliangalia paa. Alisema alikuwa na haya. Kadiri siku zilivyopita, haya ikazidi, mpaka ikawa rahisi kukasirika kuliko kusema. Alisema pole kwenye benchi ile, na akairudia mbele ya kamati.

Bw. Kyengo aliporudi aliwaeleza kwamba tawi likikatwa vizuri, mti hautakufa na utazaa zaidi. Walikubaliana kwamba tawi likatwe, na kwamba matunda yote ya upande wa ukuta wa Bi. Saida yatakuwa yake.

Mwenyekiti alisema anafurahi kusikia hayo, lakini hoja iliyo mezani ni ya Katibu. Bi. Saida alisema ndiko anakofika.

"Ilipofika saa kumi na mbili na kitu," alisema, "Kyengo alikuwa amefunga geti, ameenda nyumba yake ya nyuma kutuchemshia chai. Sisi tumerudi kule kwa mianzi, mbali. Mara nasikia jina langu. Saida! Halafu Mzee Gachanja! Nikamwambia Guka, huyo ni nani mwenye sauti hiyo? Guka akasema ni Maggie. Nikamwambia Maggie yuko Nakuru. Tukaenda getini. Ni huyu mtoto, ameshika vyuma vya geti, kikapu kiko mkononi, anaita. Basi lilikuwa bado linageuza kule barabarani, amelitangulia kwa miguu. Kiama, unasema hasikiki? Mimi nilimsikia nikiwa upande wa pili wa bustani nzima."

Bw. Kiama alimuuliza Katibu kama ni kweli. Katibu alisema ni kweli kwamba aliita, lakini hakujua ni kwa sauti gani.

Bw. Odhiambo alisema yeye alisikia akiwa kwenye usukani, injini ikiwaka, na alidhani ni mwenye bustani anamfukuza.

 Bw. Kiama alisimama tena. Alisema aliyegonga bati la basi ni yeye. Alisema usiku wa Jumamosi ile hakulala, akimwona Guka amekaa gizani na nyoka, na kulipokucha alitaka kosa liwe la mtu mwingine, na mtu mwingine aliyekuwa karibu alikuwa mdogo na hajibu. Alimwomba Katibu msamaha. Katibu alisema ameshasamehe. Bw. Kiama alisema safari hii amesikia.

Mzee Gachanja alisema hakukuwa na nyoka, kulikuwa na sambusa.

Bw. Kiama aliondoa hoja yake na kuweka nyingine badala yake. Hoja mpya ilikuwa kwamba kanuni ya saba iongezewe maneno haya: "Basi halitaondoka mahali popote mpaka Katibu aseme 'Twende.' Akisema 'Bado,' dereva atazima injini." Bw. Odhiambo aliunga mkono. Alisema yeye amechoka kuendeshwa na bati.

Bw. Kiama alijitolea pia kumpa Katibu kipaza sauti chake cha mnadani. Katibu alishukuru na kuomba ajaribu kwanza bila hicho.

Kura ilipigwa kwa kuinua mikono. Wajumbe wote sita walikubali Tabby Wangeci aendelee kuwa Katibu na kanuni ibadilishwe. Mzee Gachanja aliinua mikono yote miwili. Mwenyekiti alihesabu mmoja.

KUMB. NA. 6/12/2024: MENGINEYO

(a) Iliamuliwa kwamba kanuni ya kikapu iendelee, lakini kila mtembezi awe na namba moja ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi na kuwekwa mfukoni. Mwenyekiti aliwauliza wajumbe mmoja mmoja kama wanakumbuka namba ya nyumbani kwa kichwa. Hakuna aliyekumbuka.

(b) Barua ya shukrani itaandikwa kwa Bw. Kyengo kwa chai, na kuomba Katibu aruhusiwe kurudi kumalizia majina ya miti.

(c) Chama kitatembelea maporomoko ya Chania, Thika, Jumamosi tarehe 11 Januari. Mzee Gachanja na Bi. Saida waliomba wawe pacha tena bila kupigiwa kura ya kofia. Ombi lao lilikataliwa, kwa sababu ile ile waliyopewa mara ya kwanza. Walilalamika pamoja.

(d) Bi. Saida alileta sambusa na bakuli la kachumbari yenye avokado. Bw. Odhiambo aliuliza avokado imetoka wapi. Bi. Saida alisema imetoka mbinguni, saa tisa usiku.

KUMB. NA. 7/12/2024: KUFUNGA KIKAO

Kwa kuwa Bw. Odhiambo alikuwa anawarudisha wajumbe nyumbani, Mwenyekiti aliagiza kikao kifungwe ndani ya basi, ili kanuni mpya ianze kazi siku ile ile. Mwenyekiti, ambaye ni mwenyeji na hakuwa na safari yoyote, alipanda pia ili akidi itimie.

Injini iliwashwa. Bi. Carolyne alianza wimbo na Bw. Kiama akaitikia besi. Katibu alisimama mbele na kusoma majina. Mwenyekiti aliitikia. Bw. Kiama aliacha besi, akaitikia, akarudi kwenye besi. Bw. Odhiambo aliitikia kwa honi. Bi. Carolyne aliitikia katikati ya ubeti. Mzee Gachanja hakuitikia. Bi. Saida hakuitikia.

Katibu alisema, "Bado."

Alisema mara moja. Wimbo ulikatika na Bw. Odhiambo akazima injini.

Katika ukimya huo, Mzee Gachanja na Bi. Saida walisikika wakiwa bado jikoni kwa Mwenyekiti, wakibishana nani abebe bakuli. Katibu aliwaita kwa majina yao. Walikuja wamelishika wote wawili, huyu upande huu na huyu upande ule, wakapanda na kuketi kiti kimoja.

Katibu alisoma tena namba ya tatu na ya nne. Waliitikia.

Katibu alisema, "Twende," na kikao kikafungwa saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, basi lilipoanza kutembea.

Zimeandikwa na: Tabby Wangeci, Katibu
Sahihi: T. Wangeci          Tarehe: 15/12/2024

Zimethibitishwa na: Bi. Mukonyo, Mwenyekiti
Sahihi: Mukonyo          Tarehe: 15/12/2024
(Imetiwa ndani ya basi. Mwandiko utasamehewa.)